Tableti ya Shangazi na Macho Yangu ya Kupimia

Jumatatu, 4 Machi

Nyota ya jaha imeniangukia. Shangazi ameniita baada ya chai, akafunga mlango, akanikabidhi kazi. Mimi. Si Kinyozi. Mimi.

Kumbukumbu, kwa watakaosoma daftari hili nikishakuwa mtu mkubwa: nashona mito na vitambaa vya makochi. Karakana yangu ni ujia wa nyuma wa nyumba ya Shangazi, kati ya pipa la maji na mlango wa bafu. Kila anayekwenda kuoga huruka kazi yangu, na akirudi huiruka tena, amelowa. Mbele kuna chumba chenye dirisha kubwa la barabarani. Kitupu tangu fundi saa alipohama. Nakitaka chumba kile kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Binamu yangu Kinyozi naye anakitaka, apange viti na vioo vyake. Shangazi, dada wa marehemu baba yangu, amesema jibu atalitoa Jumapili.

Kazi yenyewe: nimchagulie tableti. Alifanya kazi kiwanda cha nguo miaka thelathini na moja, sasa ana sabini na tatu, na shoga yake wa kiwandani alihamia mbali. Miaka sita hawajaonana. Binti wa shoga huyo yuko likizo kwa mama yake, ana tableti, na Jumamosi saa nne asubuhi atapiga simu ya video. Jumapili anaondoka nayo, harudi hadi mwakani. Kwa hiyo ni Jumamosi au basi tena. Shangazi alipolisema hilo sauti ilimtetemeka, nami nikaangalia pembeni kwa heshima.

Akaniambia nichague saizi itakayomfaa. Akauliza kama nina swali. Nikamwambia macho yangu ni futi, nikifumba jicho moja nampima mtu kuanzia kisogoni hadi kisiginoni bila kumsumbua. Akasema haya, mwanangu.

Mke wangu anataka kujua kama nimemuuliza Shangazi ataitumiaje. Atazungumza, nimemjibu. Mtu akizungumza anahitaji mdomo na masikio, na Shangazi anavyo vyote. Mke wangu akasema kuuliza si ujinga. Sikusema ni ujinga. Nimesema anayejua haulizi.

Jumanne, 5 Machi

Asubuhi nilimpigia simu dada wa dukani. Akanitajia saizi tatu: inchi saba, inchi kumi, inchi kumi na tatu. Nikamwambia aniwekee ya kumi na tatu. Heshima ya mzee haipimwi kwa kijiko. Kisha, kabla sijaitia machoni, nikaishonea mfuko: mahameli nyekundu, pindo za dhahabu, upana inchi kumi na tatu kamili. Fundi mwingine angesubiri aione kwanza. Ndiyo tofauti yetu.

Dukani, aibu. Kumbe inchi za tableti hupimwa kona hadi kona! Miaka kumi na minane nashona mito, sijawahi kuona mtu akipima mto mshazari. Nikamweleza dada wa dukani kwamba watengenezaji wamekosea. Akasema atawafikishia. Tableti ilicheza ndani ya mfuko kama mtoto aliyenunuliwa sare ya kukulia, ikabidi nijaze sponji pande zote. Nikaongeza na hedifoni, zile nene za kufunika sikio zima, ili Shangazi amsikie shoga yake hadi pumzi.

Mfuko aliufurahia. Hedifoni alizitazama, akacheka, akasema nizirudishe. Adabu ya watu wa zamani hiyo, hawapendi kuonekana wanapewa vingi. Nikamtilia kwenye kikapu chake cha nyuzi bila yeye kujua.

Kisha nikamfundisha. Nikamlaza kwenye kochi, maana wazee hutumia vitu hivi wakiwa wamelala, nikamwambia ainyanyue juu ya uso. Kumbe kiganja chake cha kushoto hakina nguvu tangu kiwandani. Hakuniambia. Tableti ilimwangukia puani, sponji na yote.

Papo hapo Kinyozi akatokea mlangoni, kana kwamba alikuwa amejibanza nyuma ya pazia, na taulo mkononi. Vinyozi hutembea na taulo, sawa, lakini hili lilikuwa limeshalowekwa maji baridi. Akasema pole, Mama Mkubwa, akamkanda pua taratibu. Yeye ni mtoto wa marehemu mdogo wake, kwa hiyo Mama Mkubwa ni haki yake. Ila Shangazi akamwita mwanangu. Neno lile lile alilonipa mimi jana.

Jumatano, 6 Machi

Nimetafakari. Kosa lilikuwa uzito. Dawa ya kubwa ni ndogo. Duka linakubali kubadilisha ndani ya siku saba, boksi likiwa zima, basi saa tatu nilikuwa nimeshachukua ya inchi saba. Nyepesi kama kipande cha mkate. Mfuko nikaukata upya. Mkasi ulipoingia kwenye mahameli niliumia, lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Maandishi yake, sisimizi. Nikayakuza. Nikayakuza tena, na tena, hadi Shangazi akasema sasa anaona, na alipoona, kioo kilikuwa kimebeba neno moja tu, nalo nusu. Kidole gumba chake kinafunika vitufe vitatu kwa mpigo. Nikamwunganisha na kundi la wastaafu wa kiwanda apate mazoezi, nikaenda kunywa maji. Nikarudi, ameshatuma picha. Kidole kilikuwa kimeziba kamera. Picha nyeusi tii, bila neno hata moja chini yake.

Kundi lile lina watu sitini. Wote waliielewa kwa namna moja. Pole zikamiminika. Saa tisa alasiri wastaafu tisa wakaingia sebuleni wameinamisha vichwa, wakauliza ni nani aliyeondoka. Shangazi akasema hakuna. Wakamwambia asijikaze, alie tu.

Nikawapikia chai. Ndipo nilipogundua nyumba ina mbu. Wazee wale walikaa kimya huku na huku, mara huyu apunge mkono, mara yule akunje vidole, mara bibi wa pembeni ajigonge bega, na Shangazi naye akipunga kutoka upande wake. Na wote wanatabasamu! Wageni wanaliwa na mbu na wanaona haya kusema. Sikutaka kuwaaibisha kwa maswali. Nikachukua kopo la dawa nikapuliza sebule nzima, mapazia, kochi, chini ya viti, hadi kopo likakauka.

Walikohoa hadi barabarani. Mmoja amesahau kiatu. Shangazi alifungua madirisha yote akaenda kukaa uani juu ya ndoo iliyopinduliwa, nami nikaona ni heri niende kwangu mapema.

Mke wangu ameuliza ni nani aliyelalamika kuhusu mbu. Nimemwambia watu wenye adabu hawalalamiki.

Alhamisi, 7 Machi

Hatari. Kinyozi ameanza.

Nikiwa kwenye ujia wangu, sikio ukutani, nilimsikia anamuuliza Shangazi maswali. Moja baada ya jingine, bila haya. Atakaa wapi, umbali gani, mwanga upande gani, mikono itakuwa wapi. Mtu asiye na ujuzi lazima aulize. Majibu sikuyasikia, kuna mtu alikuwa anaoga. Nikachungulia tundu la ufunguo: Kinyozi anapima meza kwa kamba, anamwomba Shangazi akae, asogee nyuma, anyooshe mikono. Kisha akatoka, akarudi na kile kiegemeo cha mbao anachosimamishia kioo cha wateja. Nikauelewa mchezo wote. Anataka kumwekea kioo ajione pua imepungua uvimbe, amsifie uzuri wake, apewe chumba. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Wangejua huyu, wangeongeza kwamba anajua kunyoa wenzake.

Nimejibu kwa ufundi. Kubwa iliteleza. Ndogo haionekani. Kwa hiyo ya kati, inchi kumi, na iwe haiwezi kuanguka kabisa. Nikaenda kubadilisha mara ya pili. Dada wa dukani akauliza mzee mwenyewe anasemaje. Nikasema anafurahi. Mchana kutwa nikashona kitu ambacho hakijawahi kushonwa na mtu: mfuko wenye mapango mawili ya mikono kwa nyuma, kulia na kushoto, sponji ndani, mikanda juu ya viganja, bizimu za chuma kama za mkanda wa suruali. Mkono ukishaingia umeingia.

Jioni tukaijaribu uani, kwa sababu sebule bado inanuka dawa. Shangazi akaingiza mikono, nikafunga bizimu. Tableti ikasimama mbele ya uso wake imara kama usukani wa basi. Akaitazama mikono yake muda mrefu. Akauliza kama anaweza kuichomoa mwenyewe akitaka. Nikamwambia kwa fahari kwamba hawezi, uzuri wake ndio huo. Akauliza tena, polepole, kama ina maana Jumamosi mazungumzo yote mikono itakaa humo. Yote, nikamwambia, hata yakichukua saa mbili.

Machozi yakamlengalenga. Nimemgusa moyo. Chumba ni changu.

Ijumaa, 8 Machi

Shangazi ameagiza kwamba leo nisimpelekee kitu chochote. Hata mto. Kesho nije saa nne, mikono mitupu. Maana yake iko wazi. Atanikabidhi funguo, na funguo hazipokelewi mikono ikiwa imejaa.

Lakini saa tano nikamwona anatoka na Kinyozi, boksi la tableti kwapani mwa Kinyozi. Nikawafuata hadi dukani, nikajificha nyuma ya friji zilizopangwa mlangoni. Ningefaulu, ila dada wa dukani aliniamkia kwa sauti na kuniuliza leo nabadilisha nini. Nikasema napima friji. Nikafumba jicho moja nikaipima kweli, nisionekane mwongo. Shangazi akanitazama akatikisa kichwa.

Na wametoka na ipi? Ile ile ya inchi kumi na tatu. Iliyompiga pua Jumanne. Ningeweza kumwonya Kinyozi. Ni damu yangu, tumekula sahani moja utotoni, ingawa yeye alikula haraka zaidi. Niliwaza kumwonya kuanzia dukani hadi kona ya pili, kisha nikaacha. Kesho itamwangukia Shangazi mbele ya macho yetu sote, naye Kinyozi ndiye aliyeileta, na Jumapili chumba kitajua chenyewe pa kwenda. Nimeomba isimuumize sana. Mimi si mtu mbaya.

Mke wangu anasema nimuulize Kinyozi kwa nini amechagua kubwa. Mshindani haulizwi. Nimetayarisha taulo langu mwenyewe, nimelikunja vizuri. Kesho taulo litakuwa la kwangu.

Jumamosi, 9 Machi

Nitaandika polepole, nisiruke kitu.

Nilifika na mke wangu saa nne kasorobo. Hawakuwa sebuleni. Walikuwa chumba cha mbele. Meza chini ya dirisha, juu ya meza kile kiegemeo cha kioo, na juu ya kiegemeo tableti kubwa imesimama yenyewe, haijashikwa na mtu. Haikuwa imenipitia akilini kwamba tableti inaweza kusimama. Shangazi amekaa hatua moja na nusu nyuma, gauni limepigwa pasi, mikono magotini. Vidole vinacheza vyenyewe.

Saa nne na dakika mbili kioo kikawaka. Bibi mwembamba mwenye miwani. Shangazi akamtazama. Bibi akamtazama Shangazi. Kimya. Sauti hakuna! Nilijua tu, hii ndiyo kazi ya Kinyozi. Nikaruka kwenye kikapu cha nyuzi kilichokuwa kando ya kiti chake, nikatoa hedifoni, nikamvika Shangazi, nikakiinamia kioo kutafuta kitufe cha sauti. Hakuna kitu. Nikapiga kelele haloo, haloo, mnatusikia huko. Bibi akanikodolea macho. Shangazi akakisukuma kichwa changu kando kama anayesogeza sufuria, akazivua hedifoni akazitupa sakafuni, akainua mikono.

Na mikono ikaanza kusema. Sina namna nyingine ya kuliandika. Vidole vikakunjwa, vikafunguka, kiganja kikapita kifuani, ngumi ikagonga bega. Kule upande wa pili, mikono mingine ikajibu, upesi upesi, inaingiliana na ya Shangazi kama watu wanaokatizana maneno. Wale hawakuwa wakifukuza mbu.

Mke wangu akaninong'oneza. Kinyozi amemwambia, na Kinyozi aliambiwa na Shangazi, kwa kuwa alimuuliza. Kiwandani mashine zilinguruma hadi mtu hasikii sauti yake mwenyewe. Basi wanawake wale wakajitungia maneno ya mikono, wakasengenya, wakafarijiana, wakapangiana harusi, mashine zinanguruma na msimamizi hajui lolote. Kelele zile zimeondoka na masikio ya shoga yake. Simu ya kawaida haimfai kitu, na barua haina vidole. Miaka sita wameishi hivyo. Shangazi alihitaji kioo kikubwa avione vidole vya mwenzake, na mikono yake yote miwili iwe huru.

Iwe huru. Nikakumbuka zile bizimu za chuma. Nikatamani ardhi ipasuke.

Sikuwa na la kufanya tena ila kutazama. Shangazi alicheka bila sauti hadi mabega yakamruka. Bibi wa kule akavua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Kuna ishara moja waliirudia rudia, kidole kwenye kifundo cha mkono kisha kiganja moyoni, na kila wakiirudia wanalia wote wawili, kisha wanaendelea na umbea. Mimi nililia. Nalikiri hapa kwa wino. Bahati nilikuwa na taulo.

Walizungumza saa mbili na nusu. Mwishowe binti akasogea kwenye kioo, macho mekundu, akasema tableti hataondoka nayo, anamwachia mama yake. Shangazi akamwambia asante, mwanangu. Siku hizi kila mtu ni mwanawe.

Baadaye nikamuuliza Shangazi ile ishara waliyokuwa wakiifanya huku wananitazama: kufumba jicho moja, kisha kugandisha vifundo vya mikono pamoja kama mtu aliyefungwa pingu. Akasema ni jina langu. Kiwandani kila mtu alikuwa na lake, na mimi nimepewa la kwangu rasmi. Nilijivuna hadi nilipofika nyumbani.

Jumapili, 10 Machi

Siku ya jibu. Tumekaa chumba cha mbele, mimi huku, Kinyozi kule, mke wangu katikati. Shangazi akasema chumba hampi mtu. Atakitumia mwenyewe. Shoga yake atapiga kila Jumamosi, na wastaafu wenzake nao wanataka kuja kuzungumza naye, na mikono inataka mwanga, na mwanga wa dirisha lile hauna mfano.

Nikamkumbusha kwa upole kwamba sebule nayo ina dirisha. Akasema ndiyo. Akasema tangu mwanzo alipanga kuzungumzia sebuleni, na chumba cha mbele kilikuwa kimeshapata mtu moyoni mwake, mtu anayeshonea bafuni akirukwa na watu wenye sabuni. Ila tangu Jumatano sebule haikaliki. Dawa imeingia hadi kwenye sponji la kochi. Alihamia huku kwa shida, akauona mwanga, akaupenda, na sasa hatoki.

Kinyozi akatazama dari. Mke wangu akatazama dari. Nikataka kumwuliza binamu yangu kama na yeye amekasirika, lakini alikuwa anatetemeka mabega, na nadhani hakuwa analia. Aliniaga vizuri mlangoni, akaniambia niende kwake wiki hii anipunguze nywele bure, kichwa kisizibe kioo tena.

Nimerudi kwenye ujia. Mtu ameniruka na ndoo. Nimefikiri, na nakiri kwamba wiki hii imenifundisha jambo kubwa: chumba kile hakijapotea, kimeazimwa tu. Shangazi akiridhika na mimi, atanipa hata nusu yake, upande wa dirisha. Na nafasi imeshajitokeza. Wakati tunaagana nilimsikia anasema kiti kile cha mbele kinamuumiza akikaa saa mbili.

Mke wangu amesema, kwa kutulia kabisa, nirudi sasa hivi nikamuulize kinamuumiza wapi, kiuno, mgongo au magoti.

Hakuna haja ya kumsumbua mzee. Alipokuwa anakwenda jikoni nilifumba jicho moja. Mto nimeshaukata.